Programu ya kuchorea umeme kwa kampuni ndogo: wapi ya bure inatosha na wapi pa kulipia

Mkandarasi mdogo wa umeme huchora vitu vya aina tatu, na hakuna programu moja ya bei nafuu inayovifanya vyote vizuri. Cha kwanza ni mpango wa taa na soketi juu ya ramani ya jengo. Cha pili ni mchoro wa laini moja, kuanzia mita ya LUKU hadi DB (boksi la breka linalogawa umeme wa jengo), pamoja na jedwali la sakiti. Cha tatu ni mchoro wa kontroli: paneli ya pampu, stata ya mota, paneli ya kubadilisha umeme kati ya TANESCO na jenereta. Ukiingia dukani kuuliza "programu nzuri ya kuchora umeme" bila kusema ni kipi kati ya hivyo vitatu kinakuletea hela, utaelekezwa AutoCAD, nawe utaishia kuitumia kupanga soketi 18 za nyumba ya vyumba vitatu.

Kwa hiyo kabla ya kupakua chochote, toa mafaili ya kazi za mwaka uliopita na uyagawe mafungu hayo matatu. Kwa kampuni nyingi za watu wawili hadi sita, fungu la kwanza ndilo kubwa, la pili lipo ndani ya kila kazi, na la tatu hutokea mara chache lakini lina faida nzuri. Mgawanyo huo ndio utakaokuongoza.

Nani anadai faili, na la aina gani

Bei ya programu haiamuliwi na uzuri wake. Inaamuliwa na faili linaloingia ofisini kwako na faili unalotakiwa kulirudisha.

Mteja wa nyumba binafsi hukupa karatasi au PDF, na anachotaka ni karatasi yenye jina la kampuni, namba ya leseni ya EWURA na muhuri. Kenya ni vivyo hivyo, ila leseni hutoka EPRA. Hapo huhitaji kulipia programu yoyote.

Mradi wenye mshauri mhandisi ni habari nyingine. Ramani inakuja katika DWG, muundo wa faili wa AutoCAD, na mwisho wa kazi mkataba unakudai michoro ya jinsi kazi ilivyojengwa, nayo katika DWG. Programu za bure nyingi huandika DXF, ambayo ni ndugu yake, lakini haziandiki DWG. Daraja lipo: ODA File Converter, programu ya bure inayogeuza folda nzima kutoka DWG kwenda DXF na kurudi. Ukikabidhi DWG mara mbili kwa mwaka, daraja hilo linatosha kabisa. Kama mshauri anakurudishia faili lenye masahihisho kila wiki, usijitese. Kila kugeuza hupoteza kitu kidogo: aina ya mstari, fonti, kivuli cha ukuta. Saa unazotumia kurekebisha zitazidi bei ya leseni.

Zabuni ikisema tu "michoro ya CAD", andika barua pepe uulize ni DWG ya toleo gani. Muundo wa DWG umebadilika mara kadhaa, kuna wa 2000, 2004, 2007, 2010, 2013 na 2018, na programu ya zamani haifungui faili lililohifadhiwa katika muundo mpya zaidi yake.

Zipi za kuangalia

Kwa mpango wa taa na soketi, anza na LibreCAD au QCAD. Zote ni za pande mbili tu, bila 3D, na zinakwenda vizuri kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 (ukiwa na GB 8 na diski ya SSD utafurahi zaidi). LibreCAD ni ya bure na wazi moja kwa moja. Inasoma baadhi ya DWG, lakini inahifadhi DXF. QCAD ina toleo la bure linalofanya kazi na DXF na toleo la kulipia linalosoma na kuandika DWG. La kulipia ni leseni ya mara moja, na bei yake ni sehemu ndogo ya unachotozwa kwa AutoCAD LT kwa mwaka mmoja. Jihadhari na jambo moja: kifurushi cha QCAD unachopakua kwa kawaida huja na nyongeza za toleo la kulipia kama majaribio, na majaribio hayo hujifunga kila baada ya dakika 15. Watu hudhani programu mbovu, wanaifuta. Suluhisho ni kuondoa nyongeza hizo. Ukurasa wa kufungulia wenyewe una kitufe cha kuziondoa.

Kwa michoro ya kontroli na ya laini moja, QElectroTech. Ni ya bure, ina alama za umeme tayari kwa maelfu, na inaelewa kwamba mstari kati ya alama mbili ni waya, wakati LibreCAD inaona mstari tu. Menyu zake si za Kiswahili. Mafundi wa Lubumbashi na Bujumbura wana unafuu hapa, maana ilianzishwa na Wafaransa.

Usipelekwe upande na KiCad. Ni programu safi ya bure, watu huisifu, lakini ni ya kubuni bodi za elektroniki. Haijui DB ni nini.

Kazi za ofisi na madarasa zinazodai uthibitisho wa mwanga, ongeza DIALux evo. Nayo ni ya bure, kwa sababu watengenezaji wa taa ndio wanaoigharimia ili taa zao ziwemo ndani. Unaweka ramani chini, unaweka taa, inakupa lux, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali. Ofisi ya kawaida inalenga lux 500 juu ya meza. Kati ya hizi za bure, hii ndiyo pekee itakayodai Windows na kompyuta yenye nguvu kidogo.

Za kulipia zinazosoma na kuandika DWG kama AutoCAD ni BricsCAD, ZWCAD, GstarCAD na progeCAD. Faida yao kubwa kwetu ni kwamba zinauzwa pia kwa leseni ya kudumu: unalipa mara moja, unatumia hadi kompyuta ichoke. AutoCAD iliacha kuuza leseni za kudumu mwaka 2016. Sasa ni kukodi, na usipolipa mchoro wako mwenyewe hufungui kwa programu hiyo. Tena inahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, jambo la kufikiria kama saiti yako ni kijijini na bando ni la kupima.

Jaribio la nusu siku

Usichague kwa video za YouTube. Chukua kazi moja iliyokwisha, nyumba ya vyumba vitatu ambayo idadi ya vifaa vyake unaijua, uichore upya kwa kila programu unayoifikiria. Programu itakayokwama, itakwama katika mojawapo ya hatua hizi.

Fungua ramani ya msanifu. Kama ni DWG, ipitishe kwanza kwenye ODA File Converter na uchague DXF ya 2007, ambayo LibreCAD inaielewa vizuri. Faili likifunguka, jambo la kwanza ni kupima mlango. Mlango wa chumba wa milimita 900 unatakiwa kusoma 900. Ukisoma 0.9, mchoraji alitumia mita, kuza ramani yote mara 1000. Ukisoma 90, ni sentimita, kuza mara 10. Ukisoma 35.43, ramani imeingia kwa inchi, kuza mara 25.4. Fanya hivi kabla ya kuweka hata swichi moja, kwa sababu ukigundua baadaye alama zako zote zitakuwa za ukubwa usiofaa.

Wakati mwingine kuta hazionekani kabisa, unaona samani na maandishi yanaelea hewani. Sababu huwa ni mbili. Ya kwanza, msanifu aliweka kuta katika faili la pembeni lililounganishwa kwa rejea, naye amekutumia faili mama pekee. Mwombe aliunganishe faili hilo ndani ya mchoro kabla ya kutuma. Ya pili, kuta zilichorwa kwa programu ya usanifu inayotengeneza ukuta kama kitu kimoja maalumu badala ya mistari. Mwombe aihamishe kuwa AutoCAD ya kawaida. Ombi hilo linamchukua dakika mbili. Wewe kuchora kuta upya kutakuchukua siku.

Kama ulichopewa ni PDF, ifungue kwa Inkscape, nayo ni ya bure. PDF iliyotoka moja kwa moja kwenye programu ya kuchorea ina mistari halisi, na Inkscape inaweza kuihifadhi kama DXF. Kama ni karatasi iliyopigwa skani, itoe kama picha ya PNG ya nukta 200 kwa inchi, uiweke chini ya mchoro, kisha uipe vipimo. Tafuta ukuta wenye kipimo kilichoandikwa, tuseme 3600. Upime kwenye skrini. Ukipata 127, gawanya 3600 kwa 127, utapata 28.346, na hicho ndicho cha kukuzia picha. Baada ya hapo pima ukuta mwingine ulioelekea upande wa pili. Ukikosea kwa zaidi ya asilimia moja au mbili, picha imepinda, na hilo ni kawaida kwa karatasi iliyopigwa picha kwa simu. Iskani upya kwenye steshenari yenye mashine ya A3.

Sasa nyamazisha ramani. Weka mistari yote ya msanifu kwenye leya (tabaka la mchoro) moja ya kijivu, ya unene wa milimita 0.18, uifunge isiguswe, na uzime leya za samani na bustani. Fungua leya zako: taa, soketi, waya, DB, maandishi. Zisizidi saba. Waya unene wa 0.35, alama 0.5. Mpango wa umeme ambao kuta zake ni nyeusi kuliko nyaya haumsaidii fundi aliye juu ya ngazi.

Kisha weka alama. Hapa ndipo programu za bure zinapokuonyesha tofauti yake na za kulipia, maana LibreCAD haiji na alama za umeme za nyumbani unazoweza kuzitegemea. Utazitengeneza mwenyewe, mara moja tu.

Maktaba ya alama

Alama 25 hadi 30 zinatosha: soketi moja na soketi pacha, soketi ya nje isiyopitisha maji, swichi ya kitufe kimoja, viwili na vitatu, swichi ya njia mbili na ya kati ya ngazi, taa ya dari, ya ukutani, ya kuzama darini na ya mrija, taa ya dharura, feni, kengele, swichi ya jiko, swichi ya hita, kituo cha AC, kituo cha TV na cha data, DB, mita, kizimio kikuu, kiunganishi cha ethi, kamera, taa ya ulinzi. Fuata alama za IEC 60617, kiwango cha kimataifa cha alama za umeme, kwa sababu ndizo washauri wa huku wanazozisoma. Maktaba nyingi za kupakua mtandaoni ni za Kimarekani, na duara lenye mistari miwili ambalo kwao ni soketi litamchanganya mkaguzi.

Ukubwa hutokana na skeli ya kuchapia. Maandishi ya kusomeka kwenye karatasi yanahitaji kimo cha milimita 2.5. Ukichapa kwa 1:100, yachore kwa kimo cha 250. Kwa 1:50, kimo cha 125. Alama ya soketi ya upana wa milimita 3 hadi 4 kwenye karatasi itakuwa 150 hadi 200 kwa 1:50. Kwa nini 1:50? Karatasi ya A3 ni 420 kwa 297. Toa pambizo ya milimita 10 kila upande, inabaki 400 kwa 277, ambayo kwa 1:50 ni mita 20 kwa 13.85 za jengo. Nyumba ya mita 14 kwa 12 inaingia, na pembeni unabaki na milimita 120 za kuwekea ufunguo wa alama na jedwali la jina.

Kila alama ihifadhi kama bloku, yaani kitu kimoja cha kuweka tena na tena, na uwe makini na nukta ya kuishikia. Soketi ishikwe pale inapogusa ukuta, siyo katikati. Ukiweka katikati, kila soketi utakayoiweka itaingia nusu ndani ya tofali, na utaisogeza moja moja. Chora bloku kwenye leya sifuri ili ichukue rangi ya leya utakayoiweka. Ukiichora kwenye leya ya taa, itabaki kwenye leya ya taa hata ukiitumia kwingine, na siku utakapozima taa soketi nazo zitapotea.

Hifadhi kila bloku kama faili lake la DXF kwenye folda moja. Maktaba hiyo ndiyo mali yako halisi. Utahama nayo kutoka LibreCAD kwenda QCAD, kwenda ZWCAD, bila kuichora tena, na ndiyo sababu kuanza na programu ya bure hakukupotezei kitu.

Je, inahesabu?

Swali la mwisho la jaribio ni kama programu itakusaidia kutoa makadirio ya bei. AutoCAD na nyingi za jamaa yake zina amri ya kuhesabu bloku: soketi pacha 14, swichi 9, imekwisha. QElectroTech nayo inatoa orodha ya vifaa. LibreCAD haina njia nyepesi, kwa hiyo zima leya zote ila moja, chapa, hesabu kwa kalamu. Kwa nyumba ni dakika kumi. Kwa hosteli ya vyumba 60 ni balaa, na hapo ndipo programu ya kulipia inapoanza kurudisha hela yake.

LibreCAD lakini inaweza kukupa jumla ya urefu wa mistari uliyoichagua, na hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Shida ni kwamba mchoro unaonyesha nyumba kutoka juu, na waya hauishi darini. Tuseme ringi ya soketi 9, yaani waya unaotoka DB, kupita soketi zote na kurudi DB, inasoma mita 46 kwenye skrini. Dari iko mita 3.0 na soketi ziko mita 0.4 kutoka sakafuni, kwa hiyo waya unashuka mita 2.6 kwa kila soketi, na kwa kuwa ni ringi unashuka na kupanda tena. Mara 9 mara 2 ni mita 46.8. DB iko mita 1.5 kutoka sakafuni, kushuka na kupanda ni mita 3. Jumla ni 95.8, na ukiongeza asilimia 10 za kukata na kuunga unafika 105. Roli moja ya mita 100 kwa kila rangi haitoshi, wakati mchoro ulikwambia 46. Aliyenukuu bei kwa kusoma skrini amekwisha kula hasara kabla ya kupanda ngazi.

Michoro ya kontroli: usitumie mistari mitupu

Unaweza kuchora stata ya pampu kwa LibreCAD. Itapendeza, na siku ya kurekebisha utaijutia. Kwenye QElectroTech koili na kontakti zake zimeunganishwa. Ukiweka kontakta KM1 (swichi inayovutwa na sumaku ya koili), koili yake ya A1 na A2 ikiwa ukurasa wa 2, kisha ukaunganisha nayo kontakti ya 13 na 14 ya kujishikilia na ile ya 21 na 22 iliyo ukurasa wa 3, programu inaandika karibu na koili kwamba kontakti fulani iko ukurasa gani na safu gani. Ukiita koili jina jipya, kontakti zinafuata.

Mfano unaoonyesha uzito wake ni paneli ya TANESCO na jenereta. KM1 ni ya gridi, KM2 ni ya jenereta. Kontakti iliyofungwa kwa kawaida ya KM1, 21 na 22, lazima ipite kwenye njia ya koili ya KM2, na ya KM2 ipite kwenye njia ya koili ya KM1, kuongezea kifungio cha kimekanika. Ikikosekana moja kwenye mchoro, fundi ataunga alivyochora mchoraji, na siku umeme ukirudi jenereta ikiwa bado inazunguka, vyanzo viwili vitakutana. Kwenye mchoro wenye rejea, pengo hilo linaonekana: karibu na koili hakuna kontakti ya 21 na 22. Kwenye mistari mitupu hakuna kinachokushtua.

Mambo matatu ya kuweka sawa tangu mradi wa kwanza. Tengeneza kiolezo cha jedwali la jina mara moja, chenye jina la kampuni, namba ya leseni, jina la kazi, tarehe, skeli na herufi ya marekebisho. Washa namba za waya za kujiandika zenyewe, kisha chapa namba hizo hizo kwenye vibandiko vya nyaya ndani ya paneli. Na ukitengeneza alama yako mwenyewe, ncha zake za kuungia waya ziwe kwenye gridi ya 10. Zikikaa kwenye 7 au 13, nyaya zitakuwa na kona ndogo za ajabu ambazo hazinyooki.

Jedwali la DB lenyewe usilichore. Liandike kwenye LibreOffice Calc au Excel, ulihifadhi kama PDF, ulibandike ndani ya mlango wa DB na uliambatanishe na mchoro. Umbo lake ni hili:

| Na. | Sakiti | Breka | Waya |
|---|---|---|---|
| 1 | Taa za ndani | A 10 | mm² 1.5 |
| 2 | Taa za nje | A 10 | mm² 1.5 |
| 3 | Soketi, ringi | A 32 | mm² 2.5 |
| 4 | Jiko | A 32 | mm² 6 |
| 5 | Hita ya maji | A 20 | mm² 2.5 |
| 6 | AC | A 20 | mm² 2.5 |
| 7 | Akiba | | |

Unene wa waya bado utauhesabu kwa urefu na namna ulivyolazwa. Kwenye DB ya fezi tatu ongeza safu ya fezi na jumla ya mzigo wa kila moja. Jumla hizo Calc inazihesabu yenyewe, programu ya kuchorea haihesabu.

Hela: kukodi, kununua, na ile ya flashi

Piga hesabu kwa kazi, siyo kwa mwezi. Tuseme programu ya kukodi inakugharimu dola 500 kwa mwaka na unafanya kazi 25 zenye mchoro: ni dola 20 kwa kila mchoro, milele. Leseni ya kudumu ya dola 600 ukiitumia miaka mitano kwa kazi zile zile ni chini ya dola 5. Ongeza na mtikisiko wa shilingi, maana bei hizi ni za dola na malipo ya mwaka kesho hujui yatakuwa shilingi ngapi. Kabla ya kulipa uliza mambo manne: leseni ni ya kompyuta ngapi, inahamishika ukibadilisha laptopu, bila mtandao inafanya kazi siku ngapi, na masasisho ni ya muda gani.

Ile AutoCAD ya kreki inayosambazwa kwa flashi haina ubure wowote. Mwaka 2012 ESET waligundua kirusi walichokiita ACAD/Medre.A, kilichoenea hasa Peru na kilichokuwa kinaiba michoro ya AutoCAD na kuituma kwa barua pepe nje ya nchi. Aina hii ya virusi hukaa kando ya michoro kama faili dogo. Ukipokea zipu yenye acad.lsp au acad.fas ambayo hukuiomba, futa faili hilo kabla ya kufungua mchoro wowote uliomo kwenye zipu. Leseni ya mwanafunzi nayo, ya kijana aliyekuja mazoezini na laptopu yake, hairuhusiwi kwa kazi ya biashara.

Na neno "bure" lina aina mbili. DraftSight ilikuwa ya bure kwa miaka, watu wakajenga ofisi juu yake, halafu matoleo yale ya bure yakaacha kufunguka baada ya Desemba 31, 2019. LibreCAD na QElectroTech ni programu huria: toleo ulilonalo haliwezi kuzimwa na mtu. Zipakue kwenye tovuti za miradi yenyewe, kisha weka faili la kusakinishia kwenye diski ya pembeni pamoja na maktaba yako ya alama.

Kutoka kwenye skrini hadi saiti

Michoro mingi huharibika kwenye kuchapa. Mhudumu wa steshenari huacha printa kwenye mpangilio wa kutosheleza karatasi, nayo inapunguza mchoro kwa asilimia tatu au nne bila kusema. Dawa: chora mstari wa kipimo wa mita 5 kwenye kona ya mchoro. Kwa 1:50 unatakiwa kuwa milimita 100 kamili kwenye karatasi. Weka rula hapo hapo dukani. Ukisoma 96, mwambie achape upya kwa asilimia 100.

LibreCAD haina kurasa za kuchapia zenye skeli yake kama AutoCAD, kwa hiyo fremu na jedwali la jina vichore mara 50 ya ukubwa wake, yaani fremu ya A3 iwe 21,000 kwa 14,850. Kisha kwenye onyesho la kuchapa chagua 1:50, fremu itakaa sawasawa.

Kwa fundi aliye saiti tuma PDF kwa WhatsApp kama hati, usitume kama picha. Ikienda kama picha inabanwa, na namba za sakiti zinakuwa ukungu akikuza. Jina la faili libebe herufi ya marekebisho, mfano MBEZI-017-soketi-R2, na R1 iondoe kwenye kundi la kazi siku ile ile R2 inapotoka, la sivyo kuna chumba kitatobolewa kwa mchoro wa zamani.

Weka hifadhi ya kujiendesha kila dakika 5. LibreCAD ina mpangilio huo. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, dakika 5 unazivumilia. Na kila kazi ikikabidhiwa, hifadhi pamoja faili la kuchorea, DXF yake na PDF. PDF ni ya kuonyesha, DXF itafunguka kwa programu yoyote utakayokuwa nayo mteja atakaporudi baada ya miaka sita kutaka kuongeza ghorofa.